Mutoto Wangu Aliandikwa Mufu

Neno lilinikuta ku soko, siku ya tatu ya juma, asubui, mikono yangu ikiwa mu beseni ya samaki ya tomsoni.

"Mama Muteba, uko unauzisha samaki leo?"

Ni mama wa mawese, mafuta ya ngazi, njo aliuliza, ule tunagawana naye kivuli.

"Leo ni siku gani hata nisiuzishe?"

Akaangalia miguu yake. "Kama haujasikia, haiko mi njo nitakuambia."

"Sema, mama. Samaki inaoza."

"Banasema mutoto wako Muteba alikufa. Banasema ni tangu siku ya Mungu, ile ya kanisa, na kila mutu aliogopa kukuambia."

Nilicheka. Nilimuambia bongo ya Kolwezi, ule uongo wa soko, inakimbia kupita pikipiki. Akajibu, "Mungu asaidie ikuwe bongo." Na akafunika mafuta yake, sawa mutu anajitayarisha kwenda kilio.

Mutu wa kununua aliniomba bipande bine. Nilimukatia munane. Nikanawa mikono mara mbili na sabuni. Neno likabakia.

Ningemupigia nani nimuulize? Telefone ya Muteba, mi mwenyewe nilimunyanganya siku aliondoka, juu telefone inaonyesha mutu eko wapi. Kule nilimutuma, reseau inakuya na kupotea. Mama hajui kama mutoto wake anapumua, na ni yeye mwenyewe alifunga njia ya kujua.

Kwa mwenye hakusoma mwanzo ku gazeti hii, ni hivi. Muteba ni mukubwa wa batoto wangu, eko na myaka makumi mbili na mbili. Ni krezeri, anachimba mawe na mikono ku mugodi wa Mashamba. Mwezi ulipita, muchanga ulianguka na Sadrack, rafiki yake wa shimo, akafia ndani. Sadrack haikuwa mutu wa mbali. Dada yake Princesse ni bibi ya mudogo wangu Ruffin. Niliandika hapa kama kamba Muteba alikuwa anamuvuta nayo ilikatika. Lakini Baudouin, mukubwa wao, alisimama mbele ya maiti akasema Muteba alimuuzisha mudogo wake kwa shetani juu apate mawe mazuri, na akaapa atamupata. Mi nikapandisha mutoto wangu mu kamyo ya muhogo, nikamutuma Sandoa kwa tante Mushiya, mudogo wa baba yangu, ule aliolewa kule. Balijua bantu batatu: mi, binti yangu Jémima, na tante.

Marehemu bwana yangu alituachia nyumba ku barabara ya Kingamyambo. Niliporudi toka soko, lupango, kiwanja ya nyumba, ilikuwa imejaa bantu.

Mikeka ilitandikwa. Bamama ba kanisa, bamama ba jirani, bandugu ba jamaa yetu. Kilio kilikuwa kimeanza bila mimi.

"Mama Muteba, ikala chini."

"Siikali."

"Ikala, mama, ulie. Kulia kunapunguza."

"Nitamulilia nani? Nani aliona maiti?"

"Moyo wake umekauka," mumoja akasema.

"Acha, ni mushituko."

"Mushituko sawa, lakini chai iko wapi? Kilio bila chai ni mukutano wa kanisa tu."

Kwetu, mama akiikala ku mukeka, amekubali kufiwa. Bantu banahesabu siku za kilio kuanzia pale. Kumulilia mutoto muzima ni kumuita mufu, na mi sitaki mutoto wangu aitikie. Nikabakia nimesimama na beseni ku kichwa, harufu ya samaki ikitembea mu kilio changu mwenyewe.

Hapo Princesse akaingia. Alijitupa chini mbele yangu.

"Yaya! Sadrack alienda, sasa Muteba anamufuata! Tumebakia sawa sawa, yaya, tumebakia sawa!"

Nikamushika mabega. Aliendelea na mudomo mu sikio yangu:

"Siku ya Mungu mesaji ya kifo ilipofika, Baudouin mwenyewe alisema: kama Muteba alikufa, mambo imekwisha. Alisema vile, yaya. Imekwisha."

Nitaandika kitu ya kuona haya. Moyo wangu ulifurahi.

Niliwaza: kama naikala hapa, nalia na sauti, Muteba atakuwa mufu kwa Baudouin na muzima kwangu. Anakaa Sandoa mwaka moja, myaka mbili, analima. Kisha tunaona. Nilishusha beseni. Magoti ilianza kukunjama.

"Mama!" Ni Jémima, ku mulango. "Kuya ndani. Sasa hivi."

Bamama bakaniangalia. Nikanyoosha magoti.

Jémima anasoma mwaka wa tano wa segondari, yeye njo macho yangu mu telefone. Alifunga mulango, akaniwekea telefone chini ya pua.

"Najua neno lilitoka wapi. Lilitoka ku muti wa jamaa."

Huu muti wa majina mu telefone, yaya Tatiana, mukubwa wangu anakaa Liège, kule Ulaya, njo aliuanzisha mwaka ulipita. Alitumia kila mutu mesaji, unabonyeza, unaingia. Unaona bankambo juu, batoto chini, foto ya baba yetu na kofia yake ya chuma. Kila mutu wa jamaa anaweza kuongeza jina na kubadilisha. Tulifika bantu makumi ine na sita, Kolwezi, Lubumbashi, Mbuji-Mayi, Ulaya. Niliupenda ule muti. Sifichi, niliupenda sawa mutoto wa mwisho.

"Soma," Jémima akasema.

Nilisoma. *Tatiana ameongeza kifo cha Muteba.* Ilienda mu telefone za bote, siku ya Mungu, saa kenda ya muchana; ku yangu, sikuifungula.

"Mupigie."

Yaya Tatiana aliitika na sauti ya mutu anakula.

"Yaya, uliandika nini ku jina la Muteba?"

"Bonjour kwanza, Laurentine."

"Bonjour. Uliandika nini?"

"Ah, ile? Niliona baba eko mara mbili. Juu kuko Louis Muteba, na foto. Chini kuko Muteba tu, na wewe umeandika 'papa yangu'. Nikasema huyu Laurentine amemuandika baba mara mbili, na hata kufa hakumuandikia! Nikaweka alama ya kufa. Ile ya mara mbili nitafuta siku nyingine."

"Yaya, ule haiko baba. Ni mutoto wangu."

"Mutoto wako ni Dimitri."

"Dimitri ni ya batizo! Ku nyumba nani anamuita Dimitri?"

"Sasa mi ningejua namna gani? Hakuna mwaka, hakuna foto!"

"Jémima alinikataza kuweka mwaka wa mutu muzima."

"Mi naangalia majina mu orodha. Ule muti wenyewe unaniumiza macho."

Sikumukasirikia. Kosa lilikuwa la sisi bote. Muteba alipozaliwa, nilimupa jina la baba yangu, na tangu siku ile namuita papa. Nyama ya mugongo wa kuku, fungu la baba, ni yake, hata akiwa mutoto wa kutambaa. Akinikosea, namuambia "papa, unanionea." Mama yeyote wa Kasai atanielewa. Telefone haikunielewa.

"Basi nafuta sasa," yaya akasema.

"Ngoja, tante," Jémima akamukata. "Usiguse kitu." Na akafunga telefone ku uso wa mukubwa wangu.

"Umekosa heshima."

"Mama, ikala. Kuko kibaya kupita ile."

Siku ile kila mutu alitaka niikale.

"Unakumbuka kufuli? Kale ka foto ka kufuli pembeni ya jina la Muteba?"

"Nakumbuka. Njo ilinifanya niamini."

"Muti unafunika bantu bazima. Chenye uliandika chini ya jina la mutu muzima, paka wewe peke yako njo unasoma. Lakini mufu, haumufuniki. Unafikiri bandugu banataka kujua habari yake. Tante Tatiana alipoweka alama ya kufa, kufuli ilitoka. Tangu siku ya Mungu, bantu bote makumi ine na sita banaweza kusoma uliandika nini pale. Mama, uliandika nini pale?"

Niliangalia kama mulango umefungwa muzuri.

Mama wa sala wa kikundi chetu alituomba kila moja ukurasa wa jamaa. Majina yote, na muzigo wa kila mutu: nani alikufa namna gani, nani eko mu taabu gani. Tunaomba jina kwa jina. Daftari niliiogopa. Daftari inafungulika, mukwe anaingia kukuomba chumvi, anasoma. Nikawaza: mu telefone kuko kufuli. Nikaandika yote mu muti, jina kwa jina, na ku maombi nilikuwa nasoma na sauti ya chini.

"Soma wewe," nilimuambia Jémima. "Polepole."

Alisoma.

"*Muteba papa yangu. Eko Sandoa kwa tante Mushiya, nyumba ya pili nyuma ya kanisa. Baba Mungu umufiche. Baba Mungu umusamehe. Kamba haikukatika. Aliiachilia. Mikono iliungua na muchanga ulianza kumuvuta na yeye. Sadrack aliita jina yake mara mbili.*"

Nje, bamama balikuwa banaimba wimbo wa kilio.

"Mama. Aliachilia?"

"Usiseme na sauti."

"Sadrack njo alinifundisha kupanda kinga, baiskeli yake, mama. Alikimbia nyuma yangu mpaka posta akishika kiti."

"Najua."

"Na ku kilio yake ulisimama ukasema kamba ilikatika. Nilikuwa pembeni yako. Nilikushika mukono!"

Basi, wewe unayesoma gazeti hii, jua na wewe. Ile niliandika kwenu juu ya kamba ilikuwa bongo. Muteba aliniambia kweli usiku ule ule, mikono yake imechubuka, nyama inaonekana. Haikuwa shetani, haikuwa mawe. Ni mutoto aliogopa kufa. Alitaka kwenda kwa mama ya Sadrack, apige magoti, aseme. Mi njo nilimukataza. Nilimufundisha: *Sema kamba ilikatika. Hata bakikupiga, sema ilikatika.* Nilimurudilisha maneno mara tatu sawa mutoto wa masomo ya dini. Alirudilia, lakini mara ya tatu alikuwa analia. Sasa mambo inajulikana mahali pote, njo maana naiandika na mukono wangu.

"Futa," nilimuambia Jémima.

"Tukifuta, tukibadilisha hata kidogo, mesaji inaenda kwa bote. Njo vile tante Tatiana alitangaza kifo bila kujua. Tupige kwanza Sandoa, mama. Tujue kwanza Muteba eko..."

"Futa!"

"Mama, sikia kidogo!"

Sikusikia. Nilimupokonya telefone. Nikatafuta pale pameandikwa *amekufa*, nikabonyeza *muzima*. Kufuli ikarudi mahali pake. Nilipumua.

Nje, telefone moja ililia. Kisha ingine. Kisha tatu pamoja, chini ya bitenge, mu mifuko, ku mikeka. Wimbo ulikatika sawa mutu amefunga robine ya maji.

Nikatoka.

"Banaandika Muteba ni muzima!"

"Nani anaandika?"

"Laurentine mwenyewe! Soma: Laurentine amebadilisha."

"Alifufuka! Yezu asifiwe!"

"Alifufuka mu telefone?"

"Na mi nilifunga meza ku soko juu ya mufu muzima? Mama Muteba, samaki yangu ya leo utanilipia wewe!"

Bantu bakaanza kucheka, ile kicheko ya mutu aliogopa. Mumoja akakumbatia mwenzake. Mwenye aliulizaka chai akauliza tena.

Princesse hakucheka. Aliangalia telefone yake. Kisha aliniangalia mi.

"Yaya. Eko muzima?"

Niliinama, nikaokota beseni.

"Yaya, nijibu. Mi nilijipiga chini hapa. Eko muzima kweli?"

"Eko."

Alisimama. Akakunja mukeka wake, pole pole, akaufunga na kamba yake. Nikasema mu moyo: anaenda kumuambia Baudouin. Lakini hakuenda ku mulango wa lupango. Alinishika mukono akanivuta nyuma ya nyumba, pale tunakaushia makala ya kupikia.

"Siku ya Mungu, nyuma ya ile mesaji, Baudouin aliniomba telefone. Alisema anataka kuona foto za Sadrack. Aliishika saa nzima. Aliponirudishia, uso wake ulikuwa umegeuka. Nikawaza ni uchungu."

"Alisoma nini?"

"Sijui! Sikuuliza. Kesho yake asubui aliniaga. Anaenda Sandoa na bantu babili, kutafuta mahindi ya kuuzisha. Nilimucheka, yaya. Nilimuambia: wewe na mahindi tangu lini?"

Alikaza mukono wangu.

"Muteba eko Sandoa?"

Alisoma jibu ku uso wangu.

"Mungu wangu. Nilikuya kumulilia mutoto wa bwana yangu, kumbe mukubwa wangu eko njiani anamufuata." Kisha akauliza, na ile njo niliogopa: "Ku muti uliandika nini, yaya? Ni nini kiligeuza uso wa Baudouin?"

Kufuli ilikuwa imerudi. Yeye hakuweza tena kusoma. Nilijua mukubwa wake anajua, yeye hajui, na ni mi njo niko na neno mu kinywa. Nikasema, "Tupige kwanza Sandoa."

Sawa Jémima alivyosema mbele. Lakini sasa nilikuwa nimechelewa.

Telefone ya tante Mushiya, siku ingine inakamata juma nzima kuipata. Siku ile iliita mara moja tu.

"Laurentine, mwana! Nilikuwa nakutafuta nikushukuru!"

"Unishukuru nini, tante?"

"Bageni uliotutumia. Batoto bazuri! Banaume batatu, ba heshima, habavuti hata tumbako."

"Tante, sikutuma mutu."

"Acha michezo. Balisimama ku mulango sawa bantu balilelewa. Nikabauliza: muko batoto ba nani? Na bakanitajia. Baba yangu. Baba ya baba yangu. Mwaka gari-moshi ilitushusha toka Kasai, na kambi tulipewa. Mukubwa wao alitaja hata mutoto wako ule wa kike, ule alikaa siku tatu tu. Jina lake, Laurentine! Ile jina tuliijua mi na wewe na Mungu. Mi nikalia pale pale."

Ile jina niliiandika mu muti, juu iombewe. Mutoto wa siku tatu ni mufu, kwa hiyo hakuwa na kufuli hata siku moja.

"Tante, bale habako bandugu."

"Mutu anataja bafu benu bote, unamufungia mulango? Tangu nizaliwe tunajulikana vile. Nilibachinjia kuku."

"Muteba eko wapi?"

"Eko ku shamba, alilala kule. Nilituma neno aitwe. Ah, njo yule, namuona kule njia inapinda, na jembe ku bega."

"Tante, toka nje! Mupigie kelele arudie nyuma! Akimbie!"

"Nikimbie na haya magoti? Laurentine, una nini leo? Ngoja, mukubwa wao anataka kukusalimia."

Nilisikia telefone inapita toka mukono moja kuenda mukono mwingine.

"Jambo, Mama Muteba."

Niliijua ile sauti. Niliisikia mara ya mwisho mbele ya sanduku la Sadrack.

"Baudouin, mwana wangu, nakuomba..."

"Kuku ya jamaa yako ilikuwa muzuri. Usiogope, hatujamugusa mutu. Niko na karatasi hapa. Niliandika na mukono, neno kwa neno, juu nilijua utaifuta. Sikia." Akasoma polepole, akiruka ile ya mikono, sawa mutu anasoma barua ya serkali. "*Kamba haikukatika. Aliiachilia. Sadrack aliita jina yake mara mbili.*"

Princesse alikuwa mbele yangu. Telefone yangu ni ya zamani, sauti inatoka sana. Niliona macho yake: alisikia yote.

"Ku kilio ulisimama mbele ya mama yangu, ukasema kamba ilikatika. Mama alikushika mikono akakushukuru. Unakumbuka alikushukuru?"

"Nakumbuka."

"Sasa sikia muzuri. Ule muti ni wa bantu bote. Kila mutu anaingia, anaandika, anafuta. Mutu mwingine angeweza kuandika hii, juu ya kutugombanisha. Mi sitaki kukosea juu ya maneno ya telefone. Nakuuliza paka mara moja tu: hii ni maneno yako, ao ni ya mutu mwingine?"

Nilikuwa nimepewa mulango. Nilikuwa na bantu makumi ine na sita ba kutupia ile maneno.

"Na Muteba nitamuuliza vile vile," akasema. "Kamba ilikatika, ao uliachilia? Kama majibu yenu inapatana, hata ikuwe gani, nitamupeleka kwa mama yangu, ataongea naye uso kwa uso, na mukono wangu hautamugusa. Naapa ku jina la Sadrack."

"Na kama haipatane?"

"Kama haipatane, nitajua moja wenu eko anacheza na mufu wangu."

Nyuma yake nilisikia tante, na furaha: "Muteba, kuya upesi! Bandugu zako beko hapa tangu jana!"

Na mutoto wangu akasalimia. Sauti yake ilikuwa imenenepa. Alisema, "Jambo, batata," sawa anasalimia baba zake. Hakuwa bado ameona ni nani.

Nilimufundisha aseme ilikatika. Mara tatu nilimufundisha. Lakini mara ya tatu alilia, na kila siku aliomba aende kwa mama ya Sadrack. Angesema ile yangu, ao ile yake?

"Yaya," Princesse akasema, kimya kimya. "Mujibu. Na mi nisikie."

"Mama Muteba," Baudouin akasema, "amefika. Jibu."

Nilifungula kinywa.

Bamama, haya musifanye:

Usiandike mutoto muzima mu muti wa jamaa na jina tupu la mufu wenu. Weka na ya batizo, ao usimuandike kabisa.

Usiandike mahali anakaa. Hata muji. Hata "nyuma ya kanisa".

Usiamini kufuli ya telefone. Ile kufuli haiko wewe njo unaifunga. Mutu anakaa Liège, anakula, anaifungula bila kujua.

Usikubali mutu aongeze kifo ao ndoa ya mutu bila kupiga kwanza telefone kwa mwenye nyumba.

Usifute na hasira. Kila kinachofutwa kinalia mu telefone za bote. Hakikisha kwanza mutoto eko salama, kisha ufute. Binti yangu aliniambia, sikusikia.

Usiandike batoto balikufa badogo. Bafu habana wa kubafunika, na jina yao njo inafungula mulango wa bazee.

Usiache bazee bako ba mbali bila kubaambia: siku hizi mutu anaweza kutaja bankambo benu bote, mpaka wa mwisho, na asikuwe ndugu.

Usimuandikie Mungu. Useme naye.

Usimufundishe mutoto wako bongo, halafu wewe ukaandika kweli mahali pengine.